Chuma Kilichofunzwa Kupiga Makumbi

Mimi chuma nilikijua kabla sijakijua kitabu, na kitabu chenyewe tuliachana mapema, darasa la nne. Niliingia Tanga mjini nikitokea mashambani upande wa Muheza, sina viatu, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubeba mizigo sokoni Ngamiani kwa kichwa hiki hiki ambacho sasa kimeanza kutoa mvi. Leo uliza yadi ya chuma chakavu Ngamiani iko wapi, hata mtoto atakunyooshea kidole. Nyumba ninayo Nguvumali, ya bati la rangi, na lori langu limeandikwa jina langu ubavuni kwa herufi za kusomeka toka mbali. Sikupewa na mtu. Nayasema haya ili ujue kwamba mtu wa kunishangaza mimi hapatikani hivi hivi. Na huyu ninayemwandika alinishangaza.

Jina lake sitalitaja. Hapendi kutajwa, na mimi mtu akinikataza jambo moja tu maishani mwake, namheshimu. Yadini tulimwita Fundi. Mwanzoni tulimwita hivyo kwa kejeli, maana alikuwa binti mwembamba wa Tongoni aliyetolewa shule kidato cha pili, na buibui lake lilikuwa limepauka mabegani. Baadaye kejeli ilichoka yenyewe, jina likabaki.

Nakumbuka alivyoingia mara ya kwanza. Alikuwa anasukuma baiskeli ya kiume isiyo na tandiko, nyuma kafunga mzigo wa kamba za usumba, zile kamba nyekundu za makumbi ya nazi. Hakuipanda hata siku moja baiskeli ile. Ilikuwa mkokoteni wake. Kamba alizileta abadilishane na chuma, na mimi kamba nilizihitaji za kufungia mabati.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Unatafuta nini, binti?"

"Sijui kinaitwaje. Nikikiona nitakijua."

Akatoa kijiko cha chai kwenye mkoba. Akaanza kutembea kati ya malundo yangu, anagonga chuma hiki kwa kijiko, anainamisha sikio, anaacha. Anagonga kingine. Mpimaji wangu wa mizani, kijana mwenye mdomo usiofungwa, akaniambia kwa sauti ya kusudi, "Bosi, huyu kaja kula chuma chetu, na kijiko kaja nacho."

Binti akageuka. "Nikishiba nitakuachia kijiko na wewe, kaka."

Tulicheka wote. Lakini niliona alichochagua. Katika lundo zima alitoa shafti moja, ya mashine sijui gani iliyokufa zamani, na ndiyo iliyokuwa nzima. Zilizobaki zilikuwa na nyufa za ndani ambazo jicho halizioni. Mimi nilijua kwa sababu nimeshika chuma maisha yangu yote. Yeye alijuaje? Nilimwuliza. Alisema cha ufa sauti yake inakufa haraka. Hakuna aliyemfundisha. Kijiko chenyewe alikianza jikoni kwao, anagonga vyungu kabla mama yake hajavipeleka motoni.

Tangu siku ile akawa mtu wa yadi. Nilimpa kona yake, karibu na mtu wangu wa kuchomelea, na nikasema wazi mbele ya wote: mtu asiguse vitu vya huyu binti. Wengine waliniona nimerogwa. Mimi jicho langu halijawahi kunidanganya katika biashara, na halikunidanganya hapo.

Sasa lazima nieleze makumbi, maana asiyejua makumbi hatamjua Fundi.

Kule Tongoni na vijiji vya jirani, wanawake huyafukia makumbi ya nazi kwenye mashimo ya tope la pwani, mahali maji ya bahari hujaa na kutoka. Kila shimo lina mwenyewe, na binti hurithi shimo la mama yake kama wengine wanavyorithi shamba. Makumbi hulala humo miezi mingi mpaka yanalainika na kunuka. Yakifukuliwa hupigwa kwa rungu la mti, kumbi moja baada ya jingine, mpaka nyama yake idondoke ubaki usumba, nyuzi ndefu za kusokotea kamba. Yakishafukuliwa hayangoji. Yakikauka kabla hayajapigwa, hayapigiki tena. Kwa hiyo shimo likifunguliwa nyumba nzima inapiga, asubuhi mpaka jioni, na majirani wanasaidiana.

Mama yake Fundi alikuwa mjane, na nyumba yake ilikula kwa shimo lile. Alipiga tangu usichana wake. Nilipomwona mara ya kwanza, nimepita na lori kwenda kubeba chuma kwenye shamba la mkonge, bega lake la kulia lilikuwa limevimba kama limewekewa ndimu ndani. Aliniletea maji ya kunywa. Akanipa kwa mkono wa kushoto, na kabla sijapokea akainamisha uso.

"Unisamehe kaka yangu. Si dharau. Huu mwingine hauinuki leo."

Sisi watu wa pwani hii tunajua maana yake. Mkono wa kulia ndio unaosalimia, ndio unaotoa na kupokea, ndio unaoingia kwenye sinia na wenzako. Wa kushoto una kazi zake, na kazi zake hazisemwi. Mwanamke wa heshima zake kumpa mgeni maji kwa mkono wa kushoto! Niliyapokea kwa mikono yote miwili ili asione vibaya, lakini nilimwona alivyoondoka.

Daktari mjini alikuwa ameshamwambia apumzike. Akiendelea kupiga, mkono ule utabaki wa kuning'inia. Lakini mkono ungepumzikaje? Fundi alipiga sana, ndiyo maana aliacha shule, ila shimo halimalizwi na mtu mmoja kabla ya kukauka. Kila akigeuka, mama kashika rungu. Akimnyang'anya, mama anachukua la jirani. Hayo ndiyo yaliyomleta yadini kwangu. Alitaka kitu kimoja tu, mashine ya kupiga makumbi, kabla mkono wa mama yake haujafa. Na kalenda yake ilikuwa shimo. Kila shimo likifunguliwa, ama mashine ipige ama mama apige.

Alikuwa na maneno machache, na moja alilirudia mpaka likawa wimbo wa yadi. Kitu kikigoma, mnyororo ukiruka, springi ikikatika, sisi tunatukana, yeye anasema, "Haijakataa. Haijaelewa tu." Alikiongelea chuma kama mwalimu anavyoongelea mtoto mzito darasani. Mpimaji wangu alianza kumwiga kwa mzaha. Siku lori langu lilipogoma kuwaka, nikajikuta na mimi, mtu mzima, nalipapasa boneti nasema halijaelewa. Likawaka. Msinicheke.

Lakini usidhani alikuwa malaika. Kwa chuma alikuwa na subira isiyo na mwisho, kwa binadamu hana hata chembe. Mtu wangu wa kuchomelea, mzee wa umri wa baba yake, siku moja alimkazia nati bila kuombwa. Fundi alimfokea mpaka wapita njia wakasimama. Nikamwita pembeni, nikamwambia hapa kwangu wakubwa wanaheshimiwa. Msamaha kwa mdomo hakuujua. Kesho yake tulikuta kwenye benchi la yule mzee mkate wa mchele, umefunikwa kawa, bado wa moto. Mzee akala, akamkatia kipande na mwenyewe, yakaisha. Mikate ile tuliila mingi, kwa sababu alifoka mara nyingi.

Jambo jingine la ajabu: aliogopa bahari. Binti aliyezaliwa pwani, anaishi kwa kitu kilicholazwa baharini, cheche za kuchomelea zinamrukia hata hapepesi jicho, lakini maji yakimfika kifundo cha mguu anarudi nyuma. Nilimwuliza kwa nini. Akasema bahari haina bolti, huwezi kuifungua ukaona ndani.

Kujifunza kwake kulikuwa ni kufungua. Alifungua cherehani ya jirani akairudisha, akafungua mashine ya kusaga ya kijiji na karibu apigwe. Mpimaji alimwonyesha kwenye simu video za watu wa nchi za mbali na mashine zao za nazi. Alitazama kidogo akamrudishia simu yake. "Hao makumbi yao hayajalala baharini," alisema. Nilidhani ni kiburi. Kumbe mwenyewe alikuwa hajajua alichokisema ni kikubwa kiasi gani.

Mashine ya kwanza aliitengeneza kwa kanyagio za baiskeli, mnyororo, ile shafti yangu, na vichwa vya chuma vya kugonga. Mimi mwenyewe niliibeba kwa lori mpaka Tongoni, shimo la mama yake limefunguliwa, wanawake wamekusanyika. Mkubwa wao alikuwa bibi mmoja ambaye alipiga makumbi kabla mimi sijazaliwa. Wote walimwita Bibi tu. Alisimama na rungu lake begani kama askari.

Fundi akakanyaga. Vyuma vikagonga kwa kasi, kwa-kwa-kwa-kwa, kumbi likasagika. Bibi akainama, akaokota kilichotoka, akakiinua juu wote wakione. Vilikuwa vipande vifupi, hakuna uzi hata wa kufungia kidole.

"Mjukuu wangu, hizi ni nywele za kinyozi. Tusokote nini, sharubu?"

Walicheka wakakaa chini. Mmoja akabandika zile nyuzi juu ya mdomo wake, akatembea kama mwanamume. Hata mimi nilicheka, sitaficha, ilikuwa kichekesho kweli. Mtu mmoja tu hakucheka. Mama alijikokota mpaka kwenye gogo lake, akakaa, akainua rungu kwa mkono wa kulia, akaanza kupiga. Yule mwenye sharubu akazibandua. Kila pigo tuliona uso wake unavyokunjamana. Fundi alisimama kando ya mashine yake mpaka kazi ikaisha, hakuketi, hakulia.

Baada ya hapo masika yote alikuja yadini hasemi. Anagonga na kijiko, anaondoka. Nilidhani amevunjika, nikamwambia maneno yangu ya ukakamavu, jinsi nilivyolala kwenye magunia pale sokoni na leo nina lori. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha siku moja akaja anakimbia, baiskeli ameitupa nje.

"Mjomba, kuna kimya!"

"Kimya cha nini?"

"Mama anapopiga. Nilikuwa na homa, nimelala nyuma ya ua wa makuti, simwoni, namsikia tu. Pigo zito, jepesi, jepesi. Halafu kimya. Zito, jepesi, jepesi, kimya. Pale kwenye kimya mkono wa kushoto unageuza kumbi. Mimi kimya sikukiweka. Ndiyo maana chuma kinapiga pale pale mpaka kinakata."

Akachukua gia yangu moja, gia nzima, meno yote mazuri, nikimwangalia akayasaga meno ya upande mmoja kwa mashine ya kusagia. Nilipiga kelele.

"Binti! Gia nzima unaing'oa meno?"

"Ndiyo mjomba. Hapo pasipo na meno ndipo mama anapogeuza."

Na kweli. Gia ile ikizunguka, penye meno marungu yanapiga, penye pengo yanangoja, na kidole cha mti kinalisukuma kumbi lizunguke kidogo. Vichwa vya chuma akavitupa, akaweka vya mti. Kanyagio zikaondoka, ikaja injini ya pikipiki niliyoichagua mimi mwenyewe, na niseme ukweli, injini kama ile asingeipata kwa mtu mwingine Tanga nzima. Nilisimama pale yadini nikasikiliza mashine inavyopiga. Zito, jepesi, jepesi, kimya. Nywele zilinisimama.

Ungedhani hapo hadithi imekwisha. Chumvi ilikuwa haijasema neno lake.

Makumbi yaliyolala baharini yana chumvi mpaka moyoni, na chumvi hailali na chuma. Beringi zake, vile vyuma vinavyobeba shafti ikizunguka, ziliota kutu zikasimama. Akabadilisha, zikasimama tena. Na shimo lilikuwa limekaribia kufunguliwa. Basi akafanya jambo ambalo kwa mtu yeyote lingeonekana akili. Makumbi yalipofukuliwa aliyasuza kwa maji ya kisima, ndoo baada ya ndoo, mpaka chumvi ikatoka, ndipo akayapitisha kwenye mashine. Usumba ukatoka mrefu, laini, wa kung'aa. Kamba zake zilikuwa nyeupe kuliko kamba zote zilizowahi kutoka Tongoni. Hata Bibi hakupata mzaha wa kusema. Mama, bega lake limepumzika kwa mara ya kwanza, alijitanda kanga mpya akaketi barazani kumngojea mnunuzi.

Mnunuzi alikuwa Mpemba, mtu mzima wa kanzu na kofia ya kiua, ambaye hununua kamba za pale miaka yote. Anazipeleka kwao kwa wachumaji wa karafuu, wanaojifunga nazo juu ya mikarafuu.

"Kazi ya mwanangu hiyo," mama alimwambia. "Mashine yake mwenyewe kaitengeneza."

Mpemba akaisifu. Akaivuta. Kisha akafanya wanavyofanya wote wanaonunua kamba pwani ile: akaipeleka mdomoni, akailamba. Akailamba mahali pengine.

"Bibiye, kamba hii haijalala baharini."

"Imelala, wallahi imelala!"

"Mie sionji chumvi. Kamba isokuwa na chumvi wadudu waingia ndani, nje yaonekana nzima. Nimpe mtu apande nayo juu, imkatikie, dhambi itakuwa ya nani?"

Akazirudisha chini taratibu, bila ukali, kama mtu anayelaza mtoto. Hakununua hata moja.

Fundi aliijua ile desturi ya kulamba tangu utotoni. Wote waliijua. Wote walisimama kisimani wakimtazama anasuza, Bibi mwenyewe alimsaidia kuteka maji, na hakuna aliyekumbuka, kwa sababu katika maisha yao yote hapajawahi kutokea kamba ya Tongoni isiyo na chumvi. Nani angekumbuka kitu ambacho hakijawahi kukosekana?

Nyumba ilipata shida. Mama akaenda kupiga makumbi ya watu kwa kibarua, kwa mkono ule ule, mpaka mkono ukashuka kabisa. Siku zile haukuinuka hata kufika mdomoni. Haya aliniambia Fundi mara moja tu, ameinama anapanga nati, hanitazami.

"Mama haendi tena arusini wala kwenye hitima. Anakula chumbani, mjomba. Anafunga mlango, ili tusimwone anakula kwa kushoto."

Nikamsogezea kopo la nati.

Tangu hapo alifanya kazi kama anayefukuzwa. Beringi za chuma alizing'oa zote. Pale Ngamiani kulikuwa na nyumba ya kale inabomolewa. Akaomba boriti moja ya mkoko, ngumu kama jiwe, akaichonga vipande vya duara, akavilaza kwenye mafuta ya nazi mpaka vikashiba. Shafti ikazunguka ndani ya mti badala ya chuma, na kila asubuhi inanyweshwa mafuta ya nazi. Mti ule umekulia kwenye maji ya chumvi, akasema, hauwezi kuiogopa chumvi leo.

Katika haraka ile ndipo mashine ilipomshika. Alikuwa anaijaribu, kumbi limekwama, akaingiza mkono kwenye kile kimya alichokitengeneza mwenyewe, akiamini muda unatosha. Haukutosha. Mimi ndiye niliyemkimbiza hospitali kwa lori, mkono umefungwa kwenye kanga. Vidole viwili havikurudi. Alipotoka nilikuwa namngoja nje, nimeandaa maneno ya kumtia moyo. Akaniwahi yeye.

"Ni wa kushoto, mjomba. Mezani hauna kazi."

Na akatabasamu. Nilizunguka nyuma ya lori nikajifanya nakagua tairi.

Shimo lililofuata lilipofunguliwa, makumbi yaliingia kwenye mashine na chumvi yake na tope lake. Kabla haijawashwa, mama alikuja na rungu lake amelishika kwa kushoto, kwa mazoea tu, tayari kwa lolote. Fundi akamwomba. Akalichukua, akalifunga kwa bolti mahali pa lile pigo zito, pale pale mbele ya wote.

"Sasa huna la kushika, mama. Kaa."

Mama akakaa. Injini ikawaka. Usumba ukatoka. Bibi akauvuta, akausokota pajani, akaupeleka puani, na mzaha hakuutoa. Alisema tu, "Tuleteeni mikeka." Wanawake wakakaa duara kuizunguka mashine wakaanza kusokota, na mazungumzo yao yakaendelea kama zamani, ila kwa sauti ya juu zaidi. Mpemba alipokuja aliilamba kamba, akaivuta, akajifunga kiunoni, akajining'iniza kwenye tawi la mkorosho na kanzu yake. Watoto wakashangilia. Akashuka, akajikung'uta.

"Fungeni mzigo," akasema.

Hayo yamepita. Fundi hakuja tena yadini. Kona yake ipo, benchi lipo, mpimaji wangu ameachiwa kile kijiko kama alivyoahidiwa siku ile, na anakigonga kwenye chuma ingawa hasikii kitu. Mwaka huu nilisikia kwamba ameshatengeneza mashine nyingine kwa ajili ya wanawake wa kijiji cha pili. Nilikaa na habari hiyo kwa siku kadhaa. Kisha nikawasha lori nikaenda kumwona, nimevaa shati jipya.

Kabla ya kufika kwao, lori lilichemka. Nikazima, nikashuka kuongeza maji. Na katika utulivu ule nikasikia, mbele yangu, nyuma ya minazi. Pigo zito. Jepesi. Jepesi. Kimya.

Nikajua ni mama. Amerudi kwenye gogo. Damu ilinipanda, wallahi. Vidole vya binti wa watu vimekwenda, miaka imekwenda, na mwanamke huyu ameshika rungu tena! Njia iliyobaki nilitembea kwa miguu, natunga maneno ya kumwambia, makali, ya mtu aliyetoa injini yake.

Mama alikuwa ameketi barazani. Mikono yake yote miwili ilikuwa mapajani. Nyuma ya ua wa makuti pigo liliendelea, zito, jepesi, jepesi, na moshi mdogo wa injini ulikuwa unapanda juu ya makuti. Nikasimama uani na maneno yangu makali, sina pa kuyaweka.

"Karibu kaka yangu. Mbona umekuja kwa miguu, lori limeuzwa?"

"Linapumzika tu, dada."

Fundi akatoka nyuma ya ua, mkono wa kushoto una mafuta, ule wenye vidole vitatu. Amenenepa kidogo. "Shikamoo mjomba." Akaangalia shati langu. "Una arusi?" Hakunishukuru, na sikutaka. Kwenye mkeka nilikuwa nimeshauona mkate wa mchele umefunikwa kawa. Sijui nani alimwambia nakuja, au kwa lipi anaomba radhi.

Akaketi, akanyoosha mkono aichukue birika. Mama akamzuia kwa macho. Akaishika yeye, kwa mkono wa kulia. Ukainuka polepole, birika inagonga ukingo wa kikombe, na hakuna aliyesogea kumsaidia. Alimimina mpaka kikombe kikajaa. Kisha akakichukua na sahani yake, kwa mkono ule ule, akaninyooshea.

Chai ilimwagika kwenye sahani. Nikakinywa kikombe chote, kisha nikainua na sahani, nikanywa.